Vita Visivyopiganwa Hapa: Historia ya Uigizaji wa Vita vya Kisasa na Swali la Masinga

Utangulizi

Makala haya yanachunguza desturi ambayo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huigusa kwa kupita tu: desturi ya kuigiza vita vya kisasa mbele ya hadhira kwa nia ya kuifunza. Katika nchi za Ulaya na Marekani desturi hii imekwisha kujijengea taasisi. Nchini Uingereza, chama cha Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968, huigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Huko Marekani, maelfu ya watu huvaa sare za kale na kuyarudia mapigano ya Gettysburg ya mwaka 1863. Washiriki wake huiita kazi hiyo historia hai, na msingi wa imani yao ni mwepesi kueleza: aonaye kwa macho na kusikia kwa masikio huelewa zaidi ya asomaye kitabuni.

Imani hiyo haina budi kupimwa, na Masinga ni mahali panapofaa kwa upimaji huo. Sehemu hii ya Machakos, iliyo kando ya Mto Tana, inajulikana zaidi kwa bwawa lililokamilika mwaka 1981 kuliko kwa jambo lolote la kijeshi. Hakuna handaki la Vita vya Kwanza vya Dunia lililochimbwa hapo, wala mzinga wa Vita vya Pili uliolia hapo. Hata hivyo Ukambani, ambako Masinga ni sehemu yake, ulitoa askari wengi mno kwa jeshi la King's African Rifles, lililofahamika kwa jina la KAR. Vita vilipiganwa mbali, bali waliokwenda, waliongoja na waliorudi walikuwa wa hapa. Je, historia ya vita vya namna hiyo inaweza kuigizwa? Na ikiwa inaweza, ni nani aiandike hati ya mchezo, na ni kitu gani hasa kionyeshwe?

Hoja ya makala ni kwamba Afrika Mashariki imekuwa na uigizaji wa vita vya kisasa kwa zaidi ya miaka 100, na kwamba historia yake inafunza mambo matatu. Kwanza, kila onyesho la vita lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ndiye huamua maana yake. Pili, kinachopendeza jukwaani si lazima kiwe ndicho kilichokuwa kizito vitani. Tatu, onyesho hufunza vyema linapokiri kwamba ni mwigo, na hupotosha linapojidai kuwa tukio lenyewe.

Mwigo wa mapigano katika sanaa za jadi

Si sahihi kudhani kwamba kuigiza mapigano kuliletwa na wageni. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walikwisha kuonyesha kwamba sanaa za maonyesho za Kiafrika hazikungoja jumba la michezo la Kizungu ili ziwepo. Mfano ulio wazi ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ambapo kila mwaka wanaume hupigana kwa magome ya migomba. Pigano hilo halikumbushi vita fulani vyenye tarehe. Kazi yake ni kuzimaliza chuki za mwaka uliopita ili mwaka mpya uingie kwa usafi. Kila mtu pale anajua kwamba gome la mgomba si upanga, na ujuzi huo ndio unaoliwezesha pigano kuponya badala ya kujeruhi.

Tofauti kati ya mwigo huu na historia hai ni ya kimsingi. Historia hai husifiwa kwa kukaribia uhalisi: vifungo vya koti viwe vya mwaka ule ule, na bunduki iwe ya aina ile ile. Mwaka Kogwa hauhitaji sifa hiyo. Nguvu yake iko katika umbali baina ya gome na upanga. Suala hili la umbali litarejea mara kadhaa katika mjadala unaofuata.

Beni: sare bila bunduki

Uigizaji wa kwanza wa vita vya kisasa katika ukanda huu, kwa maana ya majeshi yenye sare, gwaride na vyeo, ulikuwa ngoma ya beni. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, na jina lake linatokana na bendi za kijeshi za Kizungu. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi, Settla na Sikochi. Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti. Wanachama walipanga safu, wakavaa sare walizojishonea, wakapewa vyeo vya jenerali na kapteni, na wakashindana kwa magwaride na nyimbo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyosambaa bara pamoja na askari na wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo Waingereza na Wajerumani walivipigana Afrika Mashariki tangu mwaka 1914 hadi 1918.

Wahakiki wamebishana kuhusu maana ya beni. Wako wanaoiona kuwa uigaji mtupu wa mtawala, na wako wanaoiona kuwa dhihaka iliyofichwa ndani ya heshima. Pengine ubishi huo unauliza swali lisilo lenyewe. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba beni ilimpa mpagazi cheo ambacho jeshi lilimnyima. Mtu aliyebeba sanduku la risasi kichwani kutoka Voi hadi Taveta aliweza, akirudi, kuwa jenerali katika uwanja wa ngoma. Onyesho halikurudia yale yaliyotokea. Lilipanga upya yale yaliyotokea, na katika kupanga huko lilitoa hukumu. Serikali za kikoloni zilielewa hivyo, na ndiyo maana ziliitazama beni kwa jicho la wasiwasi.

Ukambani nao una ngoma iitwayo mbeni. Jina lake linafanana mno na la beni, na vijana huicheza kwa ngoma, filimbi na mwendo wa safu. Mtazamaji wa leo anaweza kuiona na kuihesabu kuwa ya jadi kabisa, asitambue kwamba katika filimbi ile huenda mna mwangwi wa sajenti wa gwaride. Iwapo ni hivyo, basi kumbukumbu ya vita vya kisasa imo miguuni mwa vijana wasioijua, nayo imedumu kwa sababu ilikoma kujiita kumbukumbu.

Kikosi cha propaganda: askari kama kielelezo

Hatua ya pili ilikuwa tofauti sana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kamandi ya Afrika Mashariki iliunda kikosi cha propaganda cha kutembea. Kilikuwa na askari wachache wa makabila mbalimbali, wakiongozwa na Kapteni A. G. Dickson, ambaye baadaye, mwaka 1958, alianzisha shirika la Uingereza la kupeleka vijana wa kujitolea ng'ambo. Kikosi kilisafiri kwa malori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Kilipofika mahali, askari walionyesha gwaride, mazoezi ya viungo, matumizi ya silaha na vyombo vya mawasiliano, pamoja na michezo mifupi ya kuigiza. Dickson mwenyewe alikieleza kikosi hicho katika jarida la African Affairs mwaka 1945.

Hapa ndipo uigizaji wa vita kwa ajili ya elimu ya umma, kwa maana kamili ya maneno hayo, unapoonekana katika historia ya ukanda huu. Walimu wake walikuwa askari halisi, zana zao zilikuwa halisi, na hadhira yao ilikuwa jamaa za watu waliokuwa vitani wakati huo huo. Haikosi kuwa mama aliyekuwa na mwana Burma alifarijika kumwona kijana mwenye sare kama ya mwanawe akicheka na kuruka sarakasi. Faraja hiyo haipaswi kudharauliwa.

Lakini ni lazima pia kuuliza ni nini kilichoachwa nje ya duara la watazamaji. Askari wa kikosi walionyesha namna ya kufyatua silaha, hawakuwa na namna ya kuonyesha namna silaha inavyoua. Walionyesha afya na nidhamu. Malaria ya bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika mvua za mwaka 1944, haikuweza kupandishwa jukwaani. Tofauti ya mshahara kati ya askari Mwafrika na askari Mzungu haikuwa sehemu ya mchezo. Aidha, askari hapa hakuwa mwenye onyesho kama alivyokuwa jenerali wa beni. Alikuwa kielelezo mkononi mwa mwalimu mwingine. Katika beni Mwafrika aliiga jeshi kwa hiari yake na kwa maana yake. Katika kikosi cha propaganda jeshi lilimfanya Mwafrika ajiigize mwenyewe.

Ukambani na sifa ya ushujaa

Msomaji anaweza kuuliza iwapo jambo hili lina uzito wowote kwa Masinga. Jibu linapatikana katika historia ya Wakamba na jeshi. Maofisa wa kikoloni walikuwa na nadharia kwamba makabila fulani ni ya kivita kwa asili, na kufikia miaka ya baada ya Vita vya Pili waliwahesabu Wakamba kuwa wa kwanza miongoni mwa hayo. Utafiti wa Timothy Parsons (1999) na ule wa Myles Osborne (2014) umeonyesha kwamba sifa hiyo haikuwa ya damu. Ilijengwa na pande mbili, serikali iliyohitaji askari watiifu na jamii iliyohitaji mishahara na nguvu ya kudai haki.

Mwaka 1938 unadhihirisha hoja hiyo. Serikali ilipoamuru ng'ombe wa Ukambani wapunguzwe kwa nguvu, maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwa miguu hadi Nairobi na kukaa huko wakidai kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mpango wa ng'ombe ulilegezwa. Serikali haikutaka kuwaudhi watu ambao wana wao walikuwa katika safu za KAR, hasa vita vikubwa vilipokuwa vikinukia. Ushujaa wa Mkamba, kwa hiyo, ulikuwa pia hoja ya kisiasa, na aliyeitwa shujaa alijua kuutumia wito huo.

Onyesho lolote la kihistoria litakalofanywa Masinga litarithi sifa hii. Hatari ni kwamba litairudia bila kuihoji. Kijana atavaa kofia ya KAR, atapiga saluti, na hadhira itapiga vigelegele kwa sababu Mkamba ni askari hodari. Hapo nadharia ya ofisa wa kikoloni itakuwa imeigizwa upya na wajukuu wa wale aliowaandikisha, wakidhani kwamba ni urithi wao wenyewe.

Lisiloigizika

Tatizo la pili ni la ndani ya sanaa yenyewe. Mapigano huonyeshwa kwa urahisi kwa kuwa yana kelele, mwendo na mshindi. Lakini mapigano ndiyo sehemu ndogo ya vita. Katika Vita vya Kwanza wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimehifadhi jina la kikosi chao, ingawa anunuaye kikapu au nyanya pale hafikirii vita. Kuharisha damu njiani si tendo la kuigizwa uwanjani. Kubeba mzigo siku 40 hakuingii katika mchezo wa saa moja.

Baharini vilevile. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Ceylon, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hakuna uwanja wa kuyaigizia hayo, wala kaburi la kuzuru. Kwa familia nyingi, vita vilikuwa barua iliyokoma kuja.

Sanaa imejaribu kulikabili pengo hili kwa njia mbalimbali. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920 zilichagua mwili uliosimama wima. Ile ya Nairobi angalau ilimpa mpagazi nafasi kando ya askari. Mwaka 2018, msanii wa Afrika Kusini William Kentridge alitumia vivuli, nyimbo na maandamano ya watu wenye mizigo katika onyesho lake The Head and the Load kuhusu wapagazi wa vita hivyo. Hakuwavika waigizaji sare ili watazamaji wadhani wako mwaka 1916. Alitumia kivuli, na kivuli hukiri kwamba mwenye mwili hayupo.

Kinyume chake ni mfano wa Petrograd. Mwaka 1920, Nikolai Evreinov aliongoza maelfu ya watu kuigiza kutekwa kwa Kasri la Majira ya Baridi kulikotokea mwaka 1917. Onyesho lilikuwa kubwa kuliko tukio lenyewe, na picha yake baadaye ilisambazwa kama kwamba ni picha ya mapinduzi. Mwigo ulimmeza mwigwa. Huo ndio mwisho wa njia ya uhalisi usiojikiri: hadhira haijui tena ni kipi kilichotokea na ni kipi kilichochezwa.

Waandishi na mipaka ya mwigo

Fasihi ya Afrika Mashariki ilikwisha kuona hatari hii mapema. Ebrahim Hussein, alipoandika Kinjeketile (1969) kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, alitahadharisha kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya Kinjikitile Ngwale aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Tamthilia hiyo haituonyeshi vita kwa ajili ya kutusisimua. Inatufikirisha kuhusu neno linapomtoka msemaji na kuwa na nguvu asiyoweza tena kuizuia. Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo nao, katika The Trial of Dedan Kimathi (1976), iliyotolewa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi mwaka 1978, walikataa kuinakili kesi ya Nyeri. Walimweka mwanamke, mvulana na msichana katika kiini cha mchezo, watu ambao kumbukumbu za mahakama hazikuwapa nafasi.

Bertolt Brecht aliita mbinu ya aina hii utenganishaji: mtazamaji awekwe mbali kidogo ili apate kuhukumu. Lakini si lazima kwenda Ujerumani kuipata. Gome la mgomba la Makunduchi linaifanya kazi hiyo hiyo. Mtambaji wa hadithi anaposema na hadhira ikajibu, kila mmoja anajua kwamba lango la hadithi limefunguliwa na kwamba litafungwa. Shaaban Robert alipovisimulia Vita vya Pili kwa mizani na vina katika utenzi wake wa vita vya uhuru, utaratibu wenyewe wa beti ulimkumbusha msikilizaji kwamba anasikiliza, hapigani.

Masinga: nini kiigizwe

Baada ya hayo yote, swali la Masinga linaweza kujibiwa. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Mashahidi wa vita hivyo wamekwisha au wanamalizika, na kinachobaki ni nishani, kitabu cha kuachishwa jeshi, picha iliyofifia na hadithi zilizosimuliwa jikoni. Sherehe za kitaifa, kama zile za Siku ya Mashujaa zilizofanyika Machakos tarehe 20 Oktoba 2016, hutoa gwaride. Gwaride lina heshima yake, ila halisimulii. Shule, kwa upande wao, zina utamaduni imara wa mashindano ya drama ulioanza mwaka 1959, na huko ndiko historia hii inakoweza kupata jukwaa.

Kwa kuwa Masinga haina uwanja wa mapigano, haina kishawishi cha kuyaigiza. Ukosefu huo ni faida. Kinachoweza kuonyeshwa hapo kwa uaminifu ni yale yaliyotokea hapo au katika vijiji vya namna yake: siku ya kuandikishwa, ambapo kijana anapimwa kifua huku baba akihesabu mshahara na mifugo, mama anayemtafuta mtu wa kumsomea barua, mke anayelima peke yake, na askari aliyerudi na koti zito lisilofaa jua la Yatta, akiulizwa aliona nini, naye akanyamaza. Kimya hicho ni tukio la kihistoria. Mwigizaji anaweza kukionyesha bila kudanganya, kwa sababu haimlazimu kujifanya amekufa Burma.

Itapingwa kwamba onyesho la namna hiyo halitavuta watu kama milio ya baruti. Pingamizi hilo lina ukweli. Umma huja kwanza kwa macho, na elimu isiyo na hadhira si elimu ya umma. Lakini mbeni ipo. Ngoma ile inaweza kuufungua mchezo, vijana wakapanga safu na filimbi ikalia, kisha ngoma ikakatizwa na mmoja wao akauliza hatua hizi zilitoka wapi. Kuanzia swali hilo hadhira itakuwa imeingia katika historia kwa mlango wake yenyewe, ikigundua kwamba vita ilivyoviona kuwa vya wengine vilikuwa vikichezwa uwanjani mwake siku zote.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uigizaji wa vita vya kisasa Afrika Mashariki umepitia mikono tofauti. Wana-beni waliutumia kujipa vyeo walivyonyimwa. Kamandi ya jeshi iliutumia kuwapendezesha watu vita. Waandishi wa tamthilia waliutumia kuihoji historia. Katika hali zote hizo kipimo cha thamani hakikuwa usahihi wa sare. Kilikuwa ni nani alishika hati ya mchezo, na iwapo mtazamaji aliachiwa nafasi ya kufikiri.

Kwa watafiti wa fasihi simulizi, kazi iliyo mbele ni ya haraka kuliko inavyodhaniwa. Wajukuu waliowasikia wenyewe askari wa Burma wakizungumza, au wakikataa kuzungumza, nao wanazeeka. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotoka sehemu kama Masinga wana nafasi ya kukusanya masimulizi hayo, pamoja na nyimbo za mbeni na kumbukumbu za wake waliongoja, kabla hayajapita. Yasipokusanywa, atakayekuja kuigiza vita hivyo hapo baadaye atakuta sare dukani na bunduki za mbao tele, naye atakosa neno la kumpa mwigizaji aseme.